Gari Kuukuu Mbele ya Kipimo cha Moshi: Tiba ya Injini, Kinga ya Mapafu

Msafiri anayeingia Iringa kwa barabara kuu ya kwenda Zambia hufika kwanza Ipogolo, bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Mji wenyewe uko juu. Kati ya bonde na mji kuna mwinuko mfupi lakini mkali, na hapo ndipo kila gari hutoa siri yake. Gari zima hupanda kwa mngurumo tu. Gari lenye maradhi hupanda likiacha nyuma wingu jeusi ambalo huwafunika waenda kwa miguu, wanafunzi, waendesha bodaboda na akina mama wanaouza matunda kando ya njia.

Hali ni hiyohiyo Mbeya. Malori yanayokwea Mlima Nyoka, mabasi madogo yanayosubiri abiria Mwanjelwa na Kabwe, na magari yanayopanda kutoka Mbalizi kuelekea Iwambi yote hupitia mtihani ambao hakuna aliyeupanga, yaani mtihani wa mlima. Mengi kati ya magari hayo yana umri mkubwa. Wenyewe hawakuyachagua kwa sababu wanapenda uchakavu, bali kwa sababu hayo ndiyo waliyomudu kuyanunua.

Swali linalowahusu wenye magari hayo, na linalowahusu zaidi wanaovuta hewa nyuma yake, ni hili: je, gari kuukuu linaweza kupita kipimo cha moshi? Jibu ni kwamba mara nyingi linaweza. Uzee wa gari haulilazimishi kutoa moshi mweusi, kama vile uzee wa mtu haumlazimishi kuishi na shinikizo la damu lisilotibiwa. Moshi ni dalili, na dalili ina chanzo chake. Vingi kati ya vyanzo hivyo hutibika gerejini kwa gharama ndogo kuliko ile ambayo mwenye gari huilipa kila siku kwa mafuta yanayotoka bombani bila kuungua.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko juu ya mita 1,500. Kadiri ardhi inavyoinuka, hewa huwa nyepesi. Mgandamizo wa hewa Mbeya ni karibu asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba kila injini inapovuta pumzi moja, hupata karibu moja ya tano pungufu ya oksijeni ambayo ingeipata pwani.

Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, huathirika sana na jambo hili. Pampu yake ikiwa imerekebishwa kwa hewa nzito ya pwani, itaendelea kumwaga dizeli ileile wakati hewa ya kuiunguza imepungua. Dizeli iliyokosa oksijeni haiungui yote, na mabaki yake ndiyo masizi meusi. Baadhi ya pampu zilitengenezwa na kifaa kinachopunguza mafuta kadiri gari linavyopanda juu, lakini katika magari mengi makuukuu kifaa hicho ama hakikuwapo tangu mwanzo, ama kimeharibika, ama kimefungwa kwa makusudi ili gari lipate nguvu mlimani.

Kuna jambo la pili. Mbeya imezungukwa na milima, na katika asubuhi za baridi za Juni na Julai hewa nzito ya ubaridi hutulia bondeni, huku hewa yenye joto zaidi ikiwa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa magari, wa majiko ya kuni na mkaa na wa takataka zinazochomwa hukosa njia ya kupanda. Hukaa chini, kwenye kimo cha pua za watu, hadi jua linapopasha ardhi joto. Saa hizo ndizo ambazo watoto huenda shuleni na wagonjwa hupanda daladala kwenda kliniki.

Moshi unafanya nini mwilini

Moshi wa gari una vitu vingi, lakini vinne vinatosha kueleza madhara yake makuu.

Cha kwanza ni chembechembe za masizi. Unywele wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70, ilhali chembe zinazohofiwa zaidi hazizidi mikroni 2.5, na nyingi za moshi wa dizeli ni ndogo kuliko hapo. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kabisa huweza kupenya hadi kwenye damu. Huamsha pumu, huzidisha magonjwa sugu ya njia za hewa, na huchangia mshtuko wa moyo na kiharusi. Tarehe 12 Juni 2012 wataalamu wa wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, waliokutana Lyon, Ufaransa, waliutangaza moshi wa injini za dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, hususani saratani ya mapafu. Tangu mwaka 1988 ulikuwa ukihesabiwa kuwa kisababishi kinachoshukiwa tu.

Cha pili ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huendelea kuzunguka huku ikiwa imenyimwa mzigo wake. Mjamzito huathirika pamoja na mtoto aliye tumboni, kwa kuwa himoglobini ya kijusi huishika gesi hii kwa nguvu kubwa zaidi.

Cha tatu ni haidrokaboni, yaani mafuta ambayo hayakuungua, na baadhi yake, kama benzini, huleta saratani ya damu. Cha nne ni oksidi za naitrojeni, ambazo huwasha njia za hewa na kuzidisha mashambulizi ya pumu kwa watoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulihusishwa na vifo milioni 4.2 duniani, na ukijumlishwa na ule wa ndani ya nyumba, vifo milioni 6.7. Mwaka 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango kinachopendekezwa cha chembechembe ndogo hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Gari si chanzo pekee, kwani jiko la kuni lina sehemu kubwa. Hata hivyo moshi wa gari una ubaya wake wa pekee: hutolewa barabarani, katikati ya watu, kwenye kimo cha uso wa mtoto.

Hatua ambazo tayari zimepigwa

Historia ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba hewa inaweza kusafishwa kwa uamuzi. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na petroli yenye risasi, madini ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa sokoni katika eneo hilo, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Salfa ikipungua, masizi hupungua, na vifaa vya kusafisha moshi hudumu.

Hali kadhalika, tangu mwaka 2010 mafuta yanayouzwa nchini huwekwa vinasaba chini ya usimamizi wa EWURA ili kuwabaini wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida. Kwa upande wa sheria, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinagusa pia moshi wa vyombo vya moto. Polisi wa usalama barabarani nao hukagua magari na kuyabandika stika ya Nenda kwa Usalama.

Pengo lililobaki ni la kipimo chenyewe. Katika ukaguzi mwingi wa barabarani na katika gereji nyingi, kipimo cha moshi ni jicho. Jicho huona masizi, lakini halioni kaboni monoksidi. Gari dogo la petroli ambalo moshi wake hauonekani kabisa laweza kuwa linatoa sumu nyingi kuliko lori linalolalamikiwa. Kwa hiyo mwenye gari hapaswi kungoja kusimamishwa njiani ndipo ajue hali ya injini yake.

Kipimo hufanywaje

Kwa gari la petroli, mpimaji huingiza kijiti maalumu kwenye bomba la moshi wakati injini ikiwa ya moto na ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Mashine husoma asilimia ya kaboni monoksidi na kiasi cha haidrokaboni. Nchini Japani, ambako sehemu kubwa ya magari ya Mbeya na Iringa yalianzia maisha, gari binafsi hukaguliwa likifikisha miaka 3 na baada ya hapo kila baada ya miaka 2. Magari ya petroli yaliyotengenezwa kwa viwango vya kuanzia mwaka 1998 hayaruhusiwi kuzidi asilimia 1 ya kaboni monoksidi na sehemu 300 za haidrokaboni katika milioni. Ya zamani zaidi yaliwekewa asilimia 4.5 na sehemu 1,200.

Kwa gari la dizeli kinachopimwa ni weusi wa moshi. Gari husimama, gia ikiwa haijaingizwa, kisha dereva hukanyaga mafuta kwa ghafla hadi mwisho, jambo ambalo madereva huliita kupiga resi. Mwanga hupitishwa katikati ya moshi na mashine hupima ni kiasi gani kimezuiwa. Uingereza, kwa mfano, kwa magari ya dizeli ya zamani kikomo ni 2.5 kwa injini isiyo na tabo na 3.0 kwa yenye tabo, na kwa magari yaliyoanza kutumika kati ya Julai 2008 na mwisho wa 2013 ni 1.5.

Jambo la kukumbuka ni kwamba gari lililotumika ambalo leo linatoa wingu Mwanjelwa liliwahi kupita kipimo. Mengine yaliondoka kwao kwa sababu sheria ilikazwa: kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilizuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na zaidi ya nusu yalikuja Afrika. Kenya huzuia magari yenye umri unaozidi miaka 8, Uganda ilizuia yanayozidi miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada yaliyofikia miaka 8. Umri unapimika kwa karatasi. Afya ya injini hupimika kwa moshi.

Mgonjwa wa kwanza: Hiace ya dizeli

Chukua mfano wa Hiace ya dizeli iliyotengenezwa miaka ya 1990, inayofanya safari kati ya Uyole na Mbalizi, na ambayo hutoa moshi mweusi kila inapopanda. Fundi makini huanza kama anavyoanza tabibu, yaani kwa historia na kwa kutazama dalili kabla ya kufungua chochote.

Rangi ya moshi husema mengi. Moshi mweusi humaanisha mafuta mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu humaanisha oili inaungua, kwa kuwa ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe kwa dakika chache katika asubuhi ya baridi ni jambo la kawaida Mbeya, lakini ukiendelea injini ikiwa ya moto, ama dizeli haiwaki vizuri, ama maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua. Maswali mengine hufuata: oili ilimwagwa lini, gari hula oili kiasi gani, dizeli hununuliwa wapi, na hubeba abiria wangapi. Gari lililojazwa kupita kiasi hutoa moshi hata likiwa zima, kwa sababu dereva hulazimika kukanyaga mafuta hadi mwisho muda wote.

Tiba hufuata ngazi, kuanzia iliyo nafuu kabisa.

Ngazi ya kwanza ni hewa. Chujio la hewa, ambalo gerejini huitwa eya klina, huziba haraka kwa vumbi la barabara za vijijini. Kulipuliza kwa upepo mara moja au mbili kunakubalika, lakini kulipuliza mwaka mzima ni kujidanganya, kwani karatasi yake hutoboka au huziba kabisa. Katika mji ambao hewa tayari ni pungufu kwa karibu moja ya tano, chujio lililoziba ni sawa na kumziba pua mtu mwenye pumu.

Ngazi ya pili ni oili na vichujio. Oili iliyochoka hupita kwa urahisi kwenye ringi na kuungua. Filta ya dizeli iliyojaa uchafu na maji huharibu pampu na nozeli, vifaa ambavyo bei yake ni kubwa kuliko filta nyingi.

Ngazi ya tatu ni nozeli. Kazi yake ni kuipulizia dizeli iwe kama ukungu. Ikichakaa hudondosha matone, na tone haliungui lote. Nozeli hupelekwa kwa fundi pampu, huwekwa kwenye mashine na kupimwa mgandamizo na namna inavyopuliza. Hii ndiyo tiba inayobadilisha moshi wa Hiace nyingi.

Ngazi ya nne ni pampu. Fundi pampu huirekebisha ili itoe kiasi cha mafuta kinacholingana na hewa ya mahali gari linapofanya kazi. Hapa ndipo mvutano hutokea, kwa kuwa dereva hutaka nguvu za kupanda Mlima Nyoka na humwomba fundi aongeze mafuta. Nguvu anayoipata ni ndogo, ilhali sehemu kubwa ya mafuta aliyoongeza hugeuka masizi. Moshi mweusi ni dizeli iliyolipiwa fedha na kumwagwa hewani.

Ngazi ya tano ni kupima mgandamizo wa silinda na nafasi za valvu. Ikiwa silinda zimechoka, hapo ndipo ovaholi inapohitajika. Ni tiba ghali, na hiyo ndiyo sababu ya kuiweka mwisho. Wengi huingia gharama ya ovaholi ilhali tatizo lilikuwa nozeli, na wengine hubadilisha nozeli mara tatu ilhali tatizo lilikuwa ringi. Vipimo huokoa fedha.

Kabla ya kwenda kwenye kipimo, gari liendeshwe dakika zisizopungua 20 ili injini ipate moto kamili, na ikiwezekana lipandishwe mlima mmoja ili masizi yaliyoganda kwenye bomba yatoke. Mkanda wa taimingi nao uhakikishwe. Kupiga resi kwa ghafla kwenye injini yenye mkanda uliochoka kunaweza kuukata na kuiharibu injini yote, kisha kipimo kikalaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Mgonjwa wa pili: gari dogo la petroli

Gari dogo la petroli huleta hatari ya aina nyingine, kwa kuwa moshi wake hauonekani. Kaboni monoksidi ikizidi, petroli ni nyingi kuliko hewa: eya klina imeziba, kihisi cha oksijeni kwenye eksozi kimekufa, au, kwa gari la zamani zaidi, kabureta imelegezwa. Haidrokaboni ikizidi, kuna silinda ambayo haiwaki sawasawa: plagi zimekwisha, waya zake zinavuja umeme, au koili ni mbovu. Taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi mara nyingi huelekeza huko, lakini wengi huiziba kwa karatasi au hung'oa balbu yake.

Kisha kuna masega. Ndani ya eksozi ya magari mengi ya petroli kuna kifaa chenye matundu mengi kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu, paladi na rodi. Kikipata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, huanza kuibadilisha kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, kuyamalizia kuungua mafuta yaliyobaki, na kuzivunja oksidi za naitrojeni. Ni figo ya gari. Kwa sababu ya madini yake, masega hung'olewa na kuuzwa, wakati mwingine mwenye gari akijua, wakati mwingine bila kujua. Huambiwa kuwa gari litakuwa jepesi na litakula mafuta kidogo. Ukweli ni kwamba masega mazima hayalizuii gari. Yaliyoziba ndiyo hulizuia, na huwa yameziba kwa sababu injini inakula oili au inamwagiwa petroli kupita kiasi. Kuyang'oa ni kuondoa figo badala ya kutibu sumu iliyoiharibu.

Vivyo hivyo kwa mbinu nyingine za kupita kipimo bila kupona: kukodi eksozi nzima kwa siku moja, kupunguza mafuta kwenye pampu asubuhi na kuyarudisha jioni, au kumwaga dawa kwenye tangi kwa matumaini. Mgonjwa anayemeza dawa za presha siku ya kliniki pekee huwa na namba nzuri kwenye kadi, lakini kiharusi hakisomi kadi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mhudumu wa afya katika zahanati ya Ilula, kituo cha afya cha Makambako au hospitali ya rufaa jijini Mbeya hatibu magari, lakini huwatibu wanaoyavuta. Mgonjwa wa pumu asiyepata nafuu licha ya kutumia dawa vizuri aulizwe anafanya kazi wapi na anakaa umbali gani kutoka barabarani. Kuna makundi yanayohitaji kuulizwa swali hilo mapema: makondakta, mafundi makanika, askari wa usalama barabarani, wauzaji wa stendi, waendesha bodaboda, wajawazito na wazazi wa watoto wanaokohoa mara kwa mara.

Sumu ya kaboni monoksidi inahitaji umakini wa pekee, hasa katika msimu wa baridi. Fundi anayewasha injini ndani ya gereji iliyofungwa, dereva anayelala kwenye gari injini ikiwaka, na abiria wa gari ambalo eksozi yake imetoboka chini ya sakafu wote wamo hatarini, sawa na familia inayolala na jiko la mkaa chumbani. Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu na kuchanganyikiwa, na ni rahisi kudhani kuwa ni malaria au mafua. Ishara muhimu ni kwamba watu kadhaa waliokuwa mahali pamoja huugua kwa wakati mmoja, na hupata nafuu wakitoka hapo.

Kipima oksijeni cha kidoleni kisimpumbaze mhudumu. Kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekaribia kupoteza fahamu. Tiba huanza kwa kumtoa mgonjwa kwenye hewa chafu na kumpa oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa. Akiwa kwenye hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu. Akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi takribani saa moja au moja na nusu. Mjamzito, mtoto, aliyepoteza fahamu na mwenye maumivu ya kifua wapewe rufaa bila kuchelewa, oksijeni ikiendelea njiani.

Kwa mgonjwa mwenyewe yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Asisimame nyuma ya gari linalonguruma stendi. Akisikia harufu ya moshi ndani ya daladala, afungue dirisha na amweleze kondakta, kwa kuwa harufu hiyo huonyesha eksozi inayovuja, na pamoja nayo husafiri gesi isiyonukia. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kupuliza kila anaposafiri.

Bonde la Ipogolo halitahama, wala hewa ya Mbeya haitakuwa nzito kama ya pwani. Magari makuukuu nayo yataendelea kupanda, kwa sababu ndiyo yanayobeba viazi vya Uporoto, mbao za Mafinga na wagonjwa wa vijijini. Kinachoweza kubadilika ni kile kinachotoka nyuma yake. Eya klina mpya, nozeli zilizopimwa, pampu iliyorekebishwa na masega yaliyoachwa mahali pake hurudisha fedha kwa mwenye gari kwa njia ya mafuta aliyookoa. Faida nyingine haimrudii yeye peke yake. Huenda kwa mtoto anayepanda mwinuko ule asubuhi akiwa na mkoba mgongoni, mdomo wazi, akivuta hewa ambayo gari limetoka kuiacha.